Jina la Mzazi Kinywani mwa Mtu Mzima

Msomaji, mtu huanza kumwita mzazi wake kabla hajajua kutembea. Mwaka 1960 mtaalamu wa lugha Roman Jakobson alichapisha makala yaliyoeleza kwa nini maneno ya namna ya mama na papa hufanana katika lugha nyingi zisizo na udugu: kinywa cha mtoto mchanga huziweza sauti za midomo mapema. Lakini mtoto akishakuwa mtu mzima, neno lile lile huwa kipimo cha adabu, na wasikiao huwa mahakimu.

Itazame Burat, wadi iliyo karibu na mji wa Isiolo nchini Kenya. Isiolo ni makutano ya watu: Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru, na Wasomali, ambao baadhi ya wazee wao walikuwa askari wa Waingereza waliokaa hapo baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Msomali humwita babaye aabbe na mamaye hooyo. Mturkana husema apa. Msamburu husema papa na yieyo. Aishiye mahali kama hapo hana budi kuzijua adabu nyingi.

Tena maneno hayo hayatumiki ovyo. Katika Kimaa, lugha ya Wasamburu na Wamasai, papa ni baba yangu mimi. Baba wa mtu mwingine huitwa menye. Wagikuyu nao wana baba kwa wangu, thoguo kwa wako, na ithe kwa wake. Kiswahili pia kina babangu, babako na babaye, ndiyo maana methali husema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Lakini angalia hatari: neno mamako, likitamkwa kwa ukali, ni tusi la kuleta ngumi. Neno halikubadilika, kilichobadilika ni sauti na nia.

Kwa Waborana, abba si baba wa nyumbani tu. Kiongozi wa Gada, utaratibu wa utawala wa Waoromo ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2016, huitwa Abba Gada. Basi ubaba ni cheo. Amwitaye mzazi kwa jina tupu huonekana kama amvuaye kilemba mbele ya watu.

Hapa pana jambo la ajabu. Jina la baba ambalo mwana haliti kinywani ndilo limeandikwa daftarini. Waborana na Wasomali hufuatisha jina la mtu kwa jina la babaye. Kwa hiyo mwalimu amwitaye mwanafunzi kwa jina la pili hulitaja jina la mzee wake kila asubuhi. Hakuna aonaye kosa, maana daftari hutambulisha, lakini mwana humwita mzazi ili amheshimu.

Ulaya nako desturi zilibadilika. Katika miaka ya 1960 na 1970 baadhi ya wazazi waliwaomba watoto wao wawaite kwa majina yao, wakiamini kwamba vyeo huzaa woga. Majirani wengine waliona ni utovu wa adabu, wengine wakaona ni urafiki. Vijana wa Nairobi nao husema buda na mathe. Mzee mmoja husikia mapenzi, mwingine husikia dharau.

Basi, kijana msomaji, usiharakishe kuhukumu. Usikiapo mtu mzima akimwita mzazi wake kwa neno geni kwako, mtazame mzazi kwanza: ameitika kwa furaha au ameinamisha uso? Wao wawili ndio wenye kujua thamani ya neno lile. Na wewe, ukiwa mgeni barazani kwa watu, uliza wanavyoitana kabla hujafungua kinywa. Kuuliza hakumpunguzii mtu heshima, bali neno lililotupwa ovyo halirudi.