Asidi ogania katika chakula cha kuku wa nyama
Asidi ogania ni asidi dhaifu zenye kaboni, kama vile fomiki, propioniki, butiriki na laktiki, zinazochanganywa katika chakula au maji ya kuku ili kulinda utumbo. Matumizi yake yalishika kasi baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006.

Asidi ambayo haijaachia ayoni zake hupenya ukuta wa bakteria kama Salmonella. Ikishaingia huziachia, uasidi wa ndani hupanda, na bakteria humaliza nguvu zake akijaribu kuusukuma nje. Tatizo ni kwamba asidi tupu huishia firigisini na sehemu za mwanzo za utumbo. Ndiyo maana baadhi hufunikwa kwa mafuta zifike mbali zaidi. Asidi butiriki ina kazi ya pili, pengine iliyo muhimu kuliko ya kwanza: hulisha seli za utumbo wenyewe.

Kwa mfugaji wa Machakos, kaunti inayopakana na Nairobi na soko lake kubwa la nyama ya kuku, jambo la kuangalia kwanza ni mahindi yanayoingia katika chakula cha kuku. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na Machakos pia iliguswa. Asidi propioniki huzuia kuvu kuota ghalani, lakini haiondoi sumu iliyokwisha kuingia. Mahindi yaliyooza hayaokolewi kwa asidi, wala banda chafu.