Gia Mbili Nyuma ya Kifuniko

Wasee, historia ya mbio za magari tunayolishwa kila siku ni injini na dereva tu. Nani alikuwa na nguvu za farasi ngapi, nani alikanyaga mafuta bila woga. Mimi nasema kwa mbio za udongo za Marekani, hiyo historia imeruka kitu kilichokaa pale nyuma, chini: difu.

Gari la sprint, lile dogo ambalo siku hizi lina bawa kubwa juu, halina giaboksi ya kuchezea. Hakuna namba moja, mbili, tatu. Hata klachi hakuna. Linasukumwa na pikapu ndio liwake, kama matatu ya betri imekufa. Uwiano wa gia uliochagua kabla ya mbio ndio huo huo mpaka bendera ya mwisho. Mtu wa boda anaelewa: sproketi ya nyuma yenye meno mengi inapanda mlima poa, lakini kwa lami pikipiki inalia tu na haiendi.

Sasa chukua uwanja wa Knoxville, jimbo la Iowa, mzunguko wa nusu maili, kama mita 800. Hapo wanakimbia kila wiki tangu 1954. Jioni udongo umemwagiwa maji, unanata, gari linatoka kwa kona kama limetupwa. Usiku ukiingia, udongo umekauka na kung'aa kama sakafu iliyopigwa rangi, magurudumu yanazunguka bure. Uwiano uliokuwa sawa saa moja jioni, saa nne usiku ni shida.

Zamani ungefanya nini? Kubadilisha ilimaanisha kufungua ekseli, kutoa kraun na pinioni, kisha kupanga upya meno yanavyogusana. Kazi ya masaa. Kwa hivyo watu walikisia nyumbani na kuomba Mungu.

Hapo ndipo anaingia Ted Halibrand, jamaa aliyekuwa amefanya kazi kwa kiwanda cha ndege cha Douglas, California. Sisemi ni yeye pekee aliyewaza, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndiye aliyeifanya iwe kawaida. Alitumia magnesi, chuma chepesi ambacho watu wa ndege walikijua vizuri. Shafti inapita chini ya kraun hadi nyuma kabisa, inakutana na gia mbili ndogo, nguvu inarudi mbele kwa pinioni. Unafungua kifuniko, unachomoa zile mbili, unaweka jozi nyingine. Dakika chache, kraun haijaguswa. Kufikia miaka ya 1950 vifaa vyake vilikuwa hadi kwa magari ya Indianapolis.

(Kichekesho: ekseli ya sprint ni moja ngumu, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja. Kazi halisi ya difu haipo. Ndio maana tairi la kulia ni kubwa kuliko la kushoto, gari lipinde lenyewe.)

Tuseme kraun na pinioni ni 4.86, na jozi ni meno 26 kwa 22. Unapata 5.74. Tairi lenye mzingo wa mita 2.6, injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, ni kama kilomita 217 kwa saa. Udongo ukikauka, fundi mmoja atapunguza namba ili tairi lisizunguke bure. Mwingine ataongeza, kwa sababu kasi ya kona imeshuka na injini inazubaa. Wote wanaweza kuwa sawa, inategemea nani amesoma udongo vizuri.

Kwangu mimi, huyo anayetembea uwanjani akikanyaga udongo kwa kisigino ndiye amenyimwa jina kwa hivi vitabu. Nguvu za farasi zinanunuliwa na mwenye pesa. Jozi ya gia unaibeba kwa mkono mmoja.

Na ukizigeuza hizo gia mbili zikibadilishana nafasi, uwiano unakuwa 4.11. Hapo injini itafika 8,000 ukiwa kilomita 303 kwa saa, kasi isiyopatikana kwa nusu maili ya udongo. Kabla ya kufunga kifuniko, fundi anaangalia mara mbili ipi iko juu.