Meneja hakusema neno: dharau kazini na Mwongozo wa 1971

Hebu nianze na swali. Umewahi kurudi nyumbani kutoka kazini umefura kwa hasira, mtu akakuuliza "kwani amekwambia nini?", ukakosa jibu? Hakukwambia kitu. Ulimpelekea faili, akalipokea kwa mkono wa kushoto macho yako kwenye simu. Au ulimpa shikamoo, akapita kama vile ameamkiwa na ukuta. Au alikuita kwa kidole, kile cha kumwitia mtoto aliyevunja glasi. Ukianza kulisimulia linakuwa dogo, mpaka wewe mwenyewe unaona aibu. Lakini usiku usingizi hauji.

Nasoma historia ya wafanyakazi wa Dar es Salaam, na jambo hili nililipata barazani, Magomeni, kabla sijalikuta kwenye kitabu. Kuna mzee jirani yetu ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi kiwanda kimoja huko Barabara ya Pugu, ambayo leo tunaiita Barabara ya Nyerere. Nilimwendea na daftari na maswali yangu ya kisomi: mshahara ulikuwa kiasi gani, saa za kazi ngapi, nauli je. Akanijibu kwa adabu kama mtu anayejaza fomu. Nilipofika kwenye swali la kwa nini waligoma, akaweka kikombe chini, akasimama. Akajifanya meneja. Akapita mbele yangu taratibu, mikono nyuma, kidevu juu, akasimama, akatazama viatu vyangu, akapandisha macho polepole mpaka kifuani, hakufika usoni, akasonya, akaendelea na safari.

"Sasa alikuwa anasema nini, mzee?"

"Hasemi kitu, mwanangu. Ndiyo nakwambia."

Kabla sijaendelea naomba niondoe kitu kimoja njiani, maana najua kuna msomaji ameshakitayarisha. Kwenye semina za kazini utaambiwa kwamba mawasiliano ni asilimia 7 maneno, asilimia 38 sauti na asilimia 55 mwili. Namba hizo zinatoka kwa mwanasaikolojia Albert Mehrabian, kwenye tafiti zilizochapishwa mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, na kuoneshwa picha za nyuso, kisha wakaulizwa anayesema anaonekana kupenda au kuchukia. Swali lilikuwa hilo tu: pale neno na sauti na uso vinapopingana kuhusu hisia, mtu anaamini kipi? Mehrabian mwenyewe ameonya mara nyingi kwamba hesabu yake haihusu mazungumzo yote. Na huhitaji shahada kuligundua hilo. Kama asilimia 93 ya maana ingekuwa nje ya maneno, ungetazama kesi ya mahakamani inayoendeshwa kwa Kichina na ukatoka unajua nani kashinda.

Ila ndani ya kile alichopima kweli, kuna kitu mzee wangu angekubaliana nacho. Meneja anaweza kukwambia "asante" na uso ukakwambia kinyume, na wewe utabeba ule uso kwenda nao nyumbani.

Mwaka huohuo wa 1967 huku kwetu lilitoka Azimio la Arusha, na benki na viwanda vingi vikubwa vikaingia mikononi mwa umma. Kwenye makaratasi mfanyakazi akawa mwenye mali. Tatizo ni kwamba aliyekaa ofisini mara nyingi alikuwa na kiti kilekile na mwendo uleule. Mwendo huo una historia ndefu. Neno "mnyapara" lilikuwepo tangu misafara ya karne ya 19, nyapara akiwa kiongozi wa wapagazi njiani, na baadaye likawa la msimamizi wa mashamba na bandari. Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo jiji hili lina soko kuu lenye jina la watu waliobebeshwa mizigo. Mnyapara hahitaji maneno mengi. Anakaa kivulini, wewe uko juani. Hapo ujumbe umeshafika.

Sasa angalia sheria ilivyokuwa. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja kilichofungamanishwa na TANU na serikali. Sheria ya usuluhishi wa migogoro ya mwaka 1962 ilikuwa imeshafanya mgomo halali uwe kitu kisichowezekana kirahisi. Halafu Sheria ya Ulinzi wa Kazi ya 1964 ikaja na kamati za wafanyakazi na jedwali la makosa ya nidhamu: kosa, na adhabu yake, kuanzia onyo mpaka kufukuzwa. Ilikuwa hatua kubwa, nisiibeze, kwa sababu mwajiri hakuweza tena kukufukuza kwa kuamka vibaya tu. Lakini lilikuwa jedwali la makosa ya mfanyakazi. Wewe ukimsonya meneja, kuna mahali pa kuliandika. Yeye akikusonya wewe, unaliandika wapi?

Jibu lilikuja Februari 1971, na lilitoka mahali ambapo nadhani waandishi wake hawakulitarajia. Tarehe 25 Januari mwaka huo Idi Amin alimpindua Obote Uganda, na miezi michache kabla Wareno walikuwa wameivamia Guinea ya Sekou Touré. Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Dar es Salaam ikiwa na wasiwasi wa mapinduzi, ikatoa Mwongozo. Sehemu kubwa ya waraka ule ni habari za ulinzi, ubeberu na chama kushika hatamu. Katikati ya hayo kuna kifungu cha 15, kinachosema kwa ufupi kwamba kiongozi hatakiwi kuwa na majivuno, dharau wala uonevu.

Wafanyakazi walikishika kile kifungu kama nyundo. Profesa Issa Shivji, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, anaonesha kwamba kati ya Februari 1971 na Septemba 1973 kulikuwa na migogoro 31, iliyohusisha wafanyakazi zaidi ya 22,000. Na mingi haikuwa ya kudai nyongeza ya mshahara. Ilikuwa ya kumkataa meneja au ofisa utumishi kwa jinsi anavyowatendea watu. Hapo ndipo nilipofunga kitabu kwa muda, nikamkumbuka mzee na ile sonyo yake. Mimi nilikwenda na maswali ya mishahara kwa sababu nilifundishwa kwamba mfanyakazi anagoma kwa ajili ya mshahara.

Fikiria kidogo ugumu wa kazi waliyokuwa nayo. Wanaitwa kwenye mkutano, amekuja ofisa wa NUTA, amekuja mtu wa Wizara ya Kazi. Wanaulizwa: toeni malalamiko. Neno "dharau" limeandikwa kwenye waraka wa chama, hilo liko wazi. Lakini dharau ina umbo gani? Mzee ananiambia mtu alisimama akasema, "bahasha ya mshahara anatutupia mezani." Ofisa akauliza, je, hela zilikuwa pungufu? Hazikuwa pungufu. Mwingine akasema meneja haitikii salamu. Ofisa akacheka. Mwanamke mmoja wa idara ya kufungasha akasimama, hakusema chochote, akaigiza anavyoitwa: kidole, kwa kupigiwa mluzi. Watu wote wakalipuka kwa kelele. Ofisa hakucheka tena.

(Wanawake wa pwani wanajua kumjibu mtu bila kufungua mdomo, kwa kanga tu. Kiwandani lakini unavaa ovaroli.)

Utaniuliza kama mkono wa kushoto au kutoangaliwa usoni ni dharau kila mahali. Si kila mahali. Mpare, Mmakonde, Mhindi wa Kisutu na mtaalamu kutoka Ulaya hawakulelewa kwa ishara zilezile. Kwetu kijana kumkodolea macho mtu mzima ndiyo utovu wa adabu, na meneja wa kigeni angeweza kudhani mfanyakazi anayetazama chini anaficha wizi. Bila shaka kulikuwa na mameneja walioonewa kwa kutafsiriwa vibaya. Lakini nadhani hoja ya "ni tofauti za utamaduni tu" haifiki mbali. Meneja huyohuyo alikuwa anajua kumpokea waziri. Alisimama, alitabasamu, alitoa mikono miwili. Kwa hiyo lugha aliijua. Alichagua wa kuongea naye.

Halafu wafanyakazi nao walikuwa na ishara zao. Kuweka chini vifaa, kwanza. Mashine inayonguruma mwaka mzima ikinyamaza saa nne asubuhi, mtaa mzima unasikia. Ya pili ilikuwa kumfungia mtu nje. Mwaka 1973, kwenye kiwanda cha mipira cha Mount Carmel hapa Dar, wafanyakazi walimfungia mwenye kiwanda nje ya geti wakaendelea kuzalisha wenyewe. Ujumbe huo uliwatisha wengi, wakiwemo wale walioandika Mwongozo. Kumkemea meneja mwenye nyodo ni jambo moja, kuonesha kwamba kiwanda kinakwenda bila yeye ni jambo jingine kabisa. Baada ya hapo lugha ya viongozi ilibadilika, wakaanza kusisitiza nidhamu na uzalishaji, na wimbi lile likazimwa.

Leo tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na mgogoro unaupeleka CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kanuni za mwaka 2007 zinautaja utovu mkubwa wa utii kuwa kosa linaloweza kukuachisha kazi. Zinatambua pia kwamba mwajiri anaweza kuyafanya mazingira yasivumilike mpaka mfanyakazi akalazimika kujiuzulu. Ila hapo ni mpaka uwe umeshatoka, na mzigo wa kuthibitisha unao wewe. Neno "dharau" la kifungu cha 15, likiwa limeelekezwa juu badala ya chini, sijaliona likirudi. Nenda duka lolote la Kariakoo saa saba mchana, simama pembeni dakika kumi, usisikilize, tazama tu. Utajua nani mwenye duka, nani mpwa wake, na nani kijana wa kubeba maboksi, anayepewa chenji ya kununulia chai bila kuangaliwa.

Siku niliyorudi kwa mzee kumsomea nilichoandika, nilimuuliza yule meneja aliishia wapi.

"Walimhamisha. Akaja mwingine, Mswahili mwenzetu, mtu mzuri sana. Siku ya kwanza alipita mashine kwa mashine, anampa kila mtu mkono, 'Ndugu, habari za kazi.' Mkono wenye grisi anaushika hivyohivyo."

"Na mshahara, mzee?"

"Uleule."