Habari za Maniema: nani analipa, nani anasikia

KINDU – Zamani, katika vijiji vya Maniema, habari za kifo, vita au mgeni zilipita kwa ngoma ya mti. Mpigaji hakumtoza mtu. Aliyeelewa milio yake alisikia, akakimbia au akaja kulia na wenzake.

Habari ya kulipia ilifika baadaye. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa utumwa walifyatua risasi ndani ya soko la Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, upande wa juu wa mto kutoka Kindu. Mamia walikufa, wengi wao akina mama waliokuja kuuza na kununua. David Livingstone aliona kwa macho yake. Miezi michache baadaye alikutana Ujiji na Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald. Mwaka 1872 wasomaji wa Marekani na Uingereza walinunua magazeti yao, wakasoma habari za Manyema. Kelele iliyofuata iliongeza nguvu ya wale waliotaka biashara ya utumwa ikomeshwe, na mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja.

Kwa hiyo pesa ya wasomaji ilifanya kazi. Mwaka 1874 gazeti la Daily Telegraph la London lilishirikiana na Herald kulipia safari nyingine ya Stanley, naye akafika Nyangwe Oktoba 1876. Lakini watu wa Nyangwe wenyewe hawakusoma hata mstari mmoja. Habari yao iliuzwa mbali.

Wakati wa Wabelgiji mlango ulikuwa na kufuli mbili. Gazeti la La Voix du Congolais, lililoanza Léopoldville Januari 1945, liliandikwa na Wakongomani kwa Kifaransa. Asiye na franka alibaki nje. Asiyejua Kifaransa alibaki nje pia.

Tarehe 25 Februari 2002, vita ikiwa bado haijaisha, Radio Okapi ilianza kusikika, kwa Kifaransa na lugha nne za nchi, Kiswahili kikiwemo. Kindu nayo ilipata studio. Familia zilizotawanyika ziliweza kusikia habari za upande wa pili wa mstari wa vita. Msikilizaji alihitaji betri tu. Lakini kazi hiyo ililipiwa: na Umoja wa Mataifa pamoja na wafadhili. Bure kwa msikilizaji haina maana kwamba hakuna aliyelipa.

Leo kufuli imerudi kwenye intaneti. Wall Street Journal lilianza kuwatoza wasomaji wa mtandaoni mwaka 1997. New York Times lilifuata Machi 2011: makala 20 kwa mwezi bila malipo, halafu msomaji alipe. Nairobi, gazeti la Nation lilianza kutoza mwaka 2021. Utaratibu ni rahisi: msomaji anajiandikisha, analipa, na makala zilizofungwa zinafunguka.

Sababu yake inaeleweka. Mwandishi anayelipwa na wasomaji wake hamwogopi sana mwanasiasa mwenye bahasha. Hata hivyo, mama aliyekimbia kijiji chake, anayenunua mega kidogo kidogo, atalipa mara mbili: kwanza kampuni ya simu, kisha gazeti.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoenea, magazeti mengi yenye kufuli, New York Times likiwemo, yalifungua habari za ugonjwa kwa watu wote. Yalionyesha kwamba si lazima kufunga kila kitu. Uchambuzi mrefu, historia, habari za biashara: mwenye uwezo alipe. Barabara iliyofungwa, kipindupindu, risasi zilizosikika usiku, jina la mtoto aliyepotea: hizo zibaki wazi, kama ngoma ya mti.

Wale wa Nyangwe hawakuulizwa. Familia zilizohama leo ziulizwe, kabla kufuli haijafungwa.