Vitamini ya jua: kutoka Mwanjelwa hadi Iringa

Usipa wa Kyela huuzwa katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa kopo na kwa sado. Ni samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, wasiozidi urefu wa kidole, walioanikwa ufukweni hadi wakakauka kabisa. Huliwa wazima, pamoja na kichwa, miba na tumbo. Umbali wa kutembea kutoka kwa wauza usipa lipo duka la dawa ambapo niliambiwa kwamba vidonge vya vitamini D hujenga misuli na kushusha sukari. Aliyeniambia alisema kwa uhakika mkubwa, na mzee aliyekuwa mbele yangu alikwisha kutoa pochi. Nilitaka kujua maneno haya yalianzia wapi. Nikapanda basi la Iringa, kwa kuwa barabara hii inapita sehemu nyingi ambako historia ya vitamini hiyo inaweza kusomwa kwa macho.

Mwanzo wake ni Ulaya, kwenye matege. Mwaka 1650 daktari Mwingereza Francis Glisson alichapisha kitabu kuhusu watoto waliopinda mifupa, na humo alieleza pia kuwa nyama za miguu na mikono yao zilikuwa laini na legevu. Habari ya misuli basi ina umri sawa na habari ya mifupa. Baadaye miji ya viwanda ilipofunikwa na moshi wa makaa ya mawe, ugonjwa huo ukajaa kwenye vichochoro visivyofikiwa na jua.

Ufumbuzi ulikuja ghafla, tena kutoka pande mbili. Mwaka 1919, London, Edward Mellanby alikuwa amewafungia ndani watoto wa mbwa na kuwalisha nafaka. Walipata matege, na waliopewa mafuta ya ini la samaki aina ya chewa walipona. Mwaka huohuo, Berlin, Kurt Huldschinsky aliwamulika watoto wenye matege kwa taa ya zebaki inayotoa mionzi ya urujuanimno. Alipoumulika mkono mmoja tu, mkono wa pili nao ukapona. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mwanga ukigusa ngozi huzaa kitu kinachosafiri na damu. Mwaka 1922 Elmer McCollum, huko Baltimore, alithibitisha kuwa dawa iliyomo kwenye mafuta ya samaki si vitamini A, akakiita kitu hicho vitamini D.

Watoto wale wa Berlin walikuwa wametoka kwenye njaa ya Vita Kuu ya Kwanza, na vita hivyohivyo vilipita huku. Basi linapofika Makambako, njia ya kulia inaelekea Njombe, nchi ya Wabena. Oktoba 1918 jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilipita Ubena likikimbilia Rhodesia ya Kaskazini. Katika vita hivyo majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua nafaka na ng'ombe wa wenyeji, na kuwabebesha vijana wao mizigo hadi wengi wakafia njiani. Historia ya lishe ya nyanda hizi haiwezi kuandikwa bila kuyataja hayo.

Lakini nimeruka Usangu, na pale ndipo penye swali la misuli.

Ukishuka kutoka Uyole kupita Igurusi na Chimala, mashamba ya mpunga yanatanda upande wa kushoto. Watu wameinama kwenye maji tangu asubuhi, mgongo juani. Mwili wa mtu kama huyo hutengeneza vitamini D bila kumwomba mtu. Ngozi ikipigwa na jua hubadili aina fulani ya mafuta yake, ini linaibadili tena, kisha figo zinaikamilisha ikawa homoni kamili. Mtu anayekosa vitamini D kwa muda mrefu huishiwa nguvu za mapaja na nyonga, akashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Akipewa vitamini hiyo, nguvu hurudi. Hilo madaktari wamelijua siku nyingi. Ila kumrudishia nguvu aliyepungukiwa ni jambo moja, na kumwongezea misuli mtu ambaye damu yake inayo ya kutosha ni jambo jingine kabisa. La pili halijathibitishwa, nami naona ni dhuluma kumuuzia mtu wa shamba ahadi hiyo.

Afrika Mashariki ilihusishwa mapema na swali hili la chakula na nguvu. Mwaka 1931 John Boyd Orr wa Aberdeen na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya Kenya, walitoa ripoti iliyowalinganisha Wamasai na Wakikuyu. Mwanamume wa Kimasai, walisema, alimzidi wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na kipimo cha nguvu kilionyesha kuwa misuli yake ilizidi kwa asilimia 50. Sababu waliyoishikilia ni maziwa, nyama na damu kwa upande mmoja, nafaka na viazi kwa upande wa pili, hasa uhaba wa madini ya kalisi. Nimeisoma ripoti hiyo kwa hisia mbili. Kalisi waliyoisema ina ukweli. Ila waliwapima watu wa nasaba tofauti, na wote wawili walikuwa wamepoteza sehemu ya ardhi yao kwa walowezi, kisha wakaandika kana kwamba sahani ndiyo iliyoamua kila kitu.

Ukweli wa kalisi ulionekana wazi mwaka 1999, pale Tom Thacher na wenzake walipochapisha utafiti wao wa watoto wenye matege nchini Nigeria. Jua lilikuwepo tele. Watoto waliopewa kalisi walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake, kwa sababu chakula chao cha nafaka kilikuwa na kalisi kidogo mno. Mellanby mwenyewe alikwisha kuona kwamba nafaka zilizidisha matege ya mbwa wake, na baadaye ikajulikana kuwa zina asidi inayoishika kalisi isifyonzwe tumboni. Kwa nchi ya ugali kama hii, jambo hilo lina uzito. Usipa aliyetafunwa pamoja na miba yake huleta kalisi na vitamini D kwa tonge moja. Mzee wangu wa duka la dawa angeweza kuvipata vyote viwili Mwanjelwa kwa bei ya kopo.

Kuhusu wingi wa vitamini yenyewe, vipimo vizuri vimefanyika Tanzania. Mwaka 2012 Martine Luxwolda na wenzake kutoka Uholanzi walichapisha matokeo ya damu ya Wamasai na Wahadzabe. Wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, na wataalamu wengi huhesabu 50 kuwa inatosha. Watu hao hawakai kuota jua mchana kutwa. Hutafuta kivuli jua likiwaka, kama mtu yeyote mwenye akili.

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Jua si haba. Lakini Juni na Julai kuna baridi, na kuanzia Makambako kwenda juu mtoto mchanga hufunikwa kofia, sweta na shuka mbili. Wazazi huambiwa wamtoe nje apate jua la asubuhi. Ni ushauri mwema, ila jua likiwa bado chini, kivuli cha mtu kikiwa kirefu kuliko yeye, mionzi inayotengeneza vitamini D ni michache sana. Muda mfupi nje jua likiwa limepanda zaidi hufaa kuliko hapo, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe. Mwenye ualbino asifuate ushauri huu hata kidogo. Jua humletea saratani, na vitamini D yake aipate kwenye chakula au kwa daktari.

Sukari nayo ina njia yake. Mwaka 1980 Anthony Norman na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba kongosho la panya aliyekosa vitamini D hutoa insulini kidogo, na akirudishiwa vitamini hiyo insulini huongezeka. Matumaini yakawa makubwa. Jaribio lililosubiriwa likaja mwaka 2019: watu 2,423 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, nusu wakimeza yuniti 4,000 za vitamini D kila siku, nusu kidonge kitupu. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, waliopata kisukari walikuwa 293 upande wa vitamini na 323 upande wa pili. Tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Majaribio matatu yalipounganishwa mwaka 2023, yalionyesha kupungua kwa hatari kwa asilimia 15, kwa hao walio ukingoni. Mzee mwenye kisukari tayari hayumo humo, na akiacha dawa zake kwa kutegemea vidonge hivyo anajiumiza.

Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walitangaza matokeo ya vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara: wenye kisukari hawakufika mtu 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, ingawa umri na namna ya kupima vilitofautiana, ulipata karibu 9 kati ya 100. Jua halikupungua katika miaka hiyo 23. Kilichobadilika ni kazi, uzito wa mwili na chakula. Sukari nyingi baada ya mlo huingia kwenye misuli, na msuli unaofanya kazi huivuta hata insulini ikiwa kidogo. Yule anayepanda mpunga Chimala analindwa na msuli wake unaofanya kazi kuliko na vitamini iliyo kwenye ngozi yake.

Mafinga, msimu wa mvua, ndoo za uyoga hupangwa kando ya lami. Uyoga una ergosteroli, kitu kilekile ambacho Adolf Windaus alikichunguza kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Jua likikipiga, kinageuka vitamini D. Anayekausha uyoga kwa kuuanika juani, tumbo lenye mifuo likitazama juu, anafanya kile kile ambacho Harry Steenbock alikipatia hataza Marekani miaka ya 1920.

Iringa ndiko ambako wazo la kutegemea kirutubisho kimoja lilishindwa. Kati ya 1983 na 1988, Taasisi ya Chakula na Lishe, UNICEF, WHO na serikali, kwa fedha za Italia, waliendesha mradi wa lishe ulioanza na vijiji 168. Kila miezi mitatu watoto walining'inizwa kwenye mizani, na uzito ukawekwa kwenye kadi yenye kijani, kijivu na nyekundu. Aliyeangukia nyekundu alijadiliwa na kamati ya kijiji. Mahindi yalikuwepo nyumbani kwake. Waligundua kuwa alikula mara mbili tu kwa siku, mama akiwa shambani tangu alfajiri, au kwamba aliharisha na kuugua malaria mfululizo. Chakula, afya na malezi vikahesabiwa pamoja, na mwaka 1990 UNICEF iliuchukua mtazamo huo kwa dunia nzima. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8.

Mwaka 2022 uchunguzi wa kitaifa ulipima urefu wa watoto wa chini ya miaka mitano. Nchi nzima waliodumaa walikuwa asilimia 30. Iringa, mkoa unaolisha wengine mahindi, ulikuwa na asilimia 57, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Kamati za vijiji zilizokuwa zikikaa kila baada ya miezi mitatu kumjadili mtoto mmoja mmoja kwa jina zinahitajika leo kuliko chupa yoyote niliyoonyeshwa Mbeya.