Hatamu Mkononi mwa Mwingine

Katika michoro ya mawe iliyopamba kasri la Ashurnasirpal wa Pili, aliyetawala Ashuru kuanzia mwaka 883 hadi 859 KK, askari wa farasi huenda wawili wawili. Mmoja amevuta upinde. Mwenzake, bega kwa bega naye, ameshika hatamu za farasi wote wawili. Ni mpiga upinde wa gari la vita na dereva wake, ila sasa gari lenyewe halipo. Karne mbili baadaye, katika michoro ya Ashurbanipal kule Ninawi, mpanda farasi yuko peke yake, hatamu zimelegea shingoni mwa mnyama, mikono yote miwili iko kwenye upinde. Upinde ulikuwepo zamani, farasi alikuwepo, lijamu ilikuwepo. Kilichokuwa kimekosekana ni farasi aliyezoeshwa kwenda bila kushikwa na mtu aliyezoeshwa kumwamini. Kwa hiyo anayetaka kujua upinde wa farasini ulianzaje asiutafute mwanzo wake kwenye vifaa, autafute kwenye mafunzo.

Wapo wanaosema siri ilikuwa vikuku vya tandiko, vya kutilia miguu, na dai lao lina mantiki: aliyesimama juu ya vikuku hutulia hata farasi akienda shoti, magoti yakipokea mtikisiko. Lakini tarehe zinalikataa. Ushahidi ulio wazi wa vikuku viwili, kimoja kila upande, unatoka China, karne ya 4 BK. Waskithi walikuwa wamewatisha majirani zao kwa mishale karne nyingi kabla ya hapo, na mwaka 53 KK, pale Carrhae, Waparthi waliliangamiza jeshi la Kirumi la jemadari Crassus bila kikuku hata kimoja. Walijitia kukimbia, kisha wakageuza kiwiliwili na kumlenga aliyewafuata. Mtu wa namna hiyo hukaa juu ya farasi kwa mapaja, na humwongoza kwa kuegemea upande. Vikuku viliirahisisha kazi ambayo watu walikwisha kuijua.

Pingamizi zito zaidi ni la nyika. Huambiwa kwamba Wamongolia na Waturuki walizaliwa na sanaa hii: mtoto hupandishwa farasi akiwa mdogo, hupewa kijiupinde, na ujuzi humwingia bila darasa. Sikatai kwamba malezi hayo yalikuwa shule, tena shule bora. Ila kama nyika ndiyo ingekuwa sharti, Japani isingekuwa na lolote la kusimulia. Ni nchi ya milima na mashamba ya mpunga, lakini samurai wa mwanzo alisifiwa kwa farasi na upinde kabla hajasifiwa kwa upanga, na huko Kamakura, zama za Minamoto no Yoritomo, mchezo wa yabusame ulimtaka mpanda farasi apige shabaha tatu za mbao zilizopangwa kando ya njia, farasi akiwa mbioni.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko Kairo. Mamluki wa huko walikuwa vijana walionunuliwa wafanywe askari, wengi wao Wakipchak kutoka nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, wakapelekwa kwenye mabweni ya ngome ya Sultani. Wana hawa wa nyika walifunzwa kama watu wasiojua kitu. Mwanafunzi alianza kwa kurukia sanamu ya farasi, bila silaha na kisha akiwa nazo; baadaye farasi hai asiye na tandiko; tandiko likaja mwisho. Upinde nao ulikuwa na ngazi zake. Alisimama chini na upinde laini, akauvuta bila mshale mpaka mkono ukatii, ndipo akapewa mgumu zaidi, kisha mgumu kuliko huo, akilenga shabaha ya karibu kabisa kwanza. Masomo haya mawili yalikutanishwa yalipokwisha kukomaa kila moja peke yake. Baibars, ambaye mwenyewe alinunuliwa hivyo kabla ya kuwa Sultani, alijenga mwaka 1267 uwanja wa mchezo wa kibuyu: mlingoti mrefu, juu yake kibuyu cha dhahabu au fedha chenye njiwa ndani. Mpiga upinde alipita chini yake kwa kasi na kurusha mshale juu. Aliyekipasua alikichukua.

Gharama ya mafunzo haya ilikuwa miaka ya maisha ya mtu, na hapo bunduki ikashinda, ingawa kwa muda mrefu upinde uliishinda kwa wepesi wa kurusha. Bunduki ilifundishika upesi. Sultani Qansuh al-Ghawri wa Kairo aliliona hilo, na mwaka 1510 akaunda kikosi cha bunduki. Lakini mamluki hawakutaka kuiacha sanaa yao, basi kikosi kikajazwa watu wengine, kwa mshahara mdogo kuliko wao. Wengi wa askari hao walipelekwa Bahari ya Shamu dhidi ya Wareno, walewale waliozishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Waosmani walipokuja na mizinga yao Marj Dabiq, karibu na Halab, mwaka 1516, al-Ghawri aliwakabili kwa wapanda farasi wake, akafia hapo.