Bure si Huria: Historia ya Viendeshi vya Picha na Michezo ya Kompyuta katika Mifumo Huria, kwa Mtazamo kutoka Juba

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya viendeshi vya picha katika mifumo endeshi huria tangu mwaka 1993, na kuisoma historia hiyo kutoka Juba, mahali ambapo kompyuta iliyokwisha kutumika kwingine ni jambo la kawaida. Hoja inayojengwa ni kwamba tofauti ambayo Kiswahili huiweka baina ya "bure" na "huria" si ya kimsamiati tu. Katika suala la viendeshi, tofauti hiyo hupimika kwa miaka ambayo mashine huendelea kufaa. Mifano imetolewa katika chipu za Intel, NVIDIA na AMD, pamoja na kisa cha mbunifu wa michezo Lual Mayen.

1.0 Utangulizi

Neno "dereva" liliingia katika Kiswahili pamoja na magari. Miongo kadhaa baadaye neno lile lile la Kiingereza liliingia mara ya pili, safari hii pamoja na kompyuta, na mafundi wa Juba, Kampala na Nairobi hulitamka "draiva". Kiswahili kikawa kimekopa neno moja mara mbili na kupata maneno mawili yasiyochanganyika: dereva hushika usukani, draiva huuwezesha mfumo endeshi kukiamuru kifaa. Wanaistilahi wametupa "kiendeshi", neno zuri kimaumbo lakini lenye mzigo, kwa kuwa limetumika pia kwa kifaa cha kusomea diski, na mzizi wake ndio ule ule ulio katika "mfumo endeshi". Katika makala hii kiendeshi ni programu tu. Kiendeshi cha picha ni ile programu inayopokea amri za uchoraji kutoka kwa mchezo au programu nyingine na kuzigeuza kuwa lugha inayoeleweka na chipu ya picha. Kisipokuwapo, au kikiwa kibovu, kompyuta itafungua barua na kuandika hati, lakini mchezo wa pande tatu hautakwenda.

Suala hili lilinifikia kwa njia ya kando. Miaka michache iliyopita nilikuwa Juba pamoja na kundi la wanafunzi waliokuwa wakikusanya istilahi za kompyuta za Kiswahili na za Kiarabu cha Juba. Kompyuta mpakato tulizotumia zilikuwa za msaada, zote zikiwa zimewekewa Linux, na zilikuwa za aina mbili. Zile kuukuu zaidi zilikuwa na chipu ya picha ya Intel ya mwaka 2011. Nyingine zilikuwa za bei kubwa zilipokuwa mpya, zenye kadi ya picha ya NVIDIA iliyo peke yake. Wakati wa mapumziko wanafunzi walicheza SuperTuxKart, mchezo huria wa mbio za magari. Kila mmoja alikimbilia mashine ya bei kubwa, na kila mmoja akairudia ile kuukuu, kwa sababu katika zile za bei kubwa mchezo ulikwenda kwa kukwamakwama na mara mbili mashine iliganda kabisa. Mwanafunzi mmoja alitumia kifurushi cha data cha simu yake, mamia ya megabaiti, kupakua kiendeshi cha kampuni. Kiendeshi kilikataa kusakinishwa, kwani kampuni ilikuwa imekwisha acha kukihudumia na kiini cha Linux kilikuwa kimesonga mbele. Data ile hakurudishiwa na mtu. Aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake siku hiyo: ikiwa vyote viwili ni vya bure, kwa nini kimoja kinafanya kazi na kingine hakifanyi?

2.0 Viendeshi vilivyoandikwa gizani

Mwaka 1993 mwanaprogramu wa Marekani, Brian Paul, alianza kuandika maktaba ya programu aliyoiita Mesa, akaitoa kwa umma mwezi Februari 1995. Mesa ilitekeleza OpenGL, yaani kanuni ambazo programu huzitumia kuamuru uchoraji, bila kutegemea kampuni yoyote ya chipu. Mwanzoni kazi yote ilifanywa na kichakataji kikuu, na kwa hiyo ilikuwa ya polepole mno kwa michezo. Mwaka 2000 toleo la 4.0 la XFree86 lilileta utaratibu uliowezesha programu kuifikia chipu ya picha moja kwa moja, na hapo ndipo mifumo huria ilipopata msingi wa michezo ya pande tatu. Soko lakini halikusubiri: Loki, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikihamishia michezo ya kibiashara kwenye Linux, ilifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2002.

Kilichokosekana hakikuwa ustadi bali maelezo. Chipu ya picha haiendeshwi kwa kukisia. Mwandishi wa kiendeshi anahitaji kujua kila sehemu ya kuandikia amri na kila thamani inayokubalika. Kampuni tatu kubwa zilishika njia tofauti. Intel iliwalipa wahandisi wake waandike viendeshi huria ndani ya Mesa na ndani ya kiini cha Linux. ATI ilisitasita, lakini baada ya kununuliwa na AMD mwaka 2006, mmiliki mpya alitangaza mwezi Septemba 2007 kwamba angetoa nyaraka za chipu zake. NVIDIA ilitoa kiendeshi chenye nguvu, cha bure, kilichofungwa. Msimbo chanzo wake haukuonekana, na nyaraka hazikutolewa.

Ndipo wajitoleaji wakaanzisha mradi wa Nouveau, uliojaribu kujifunza tabia za chipu za NVIDIA kwa kuchunguza kiendeshi cha kampuni kinaziandikia nini. Ni kazi inayofanana na ya mwanaisimu anayeandika sarufi ya lugha asiyoijua kwa kusikiliza wazungumzaji kupitia ukuta. Ilifika mbali kuliko ilivyotarajiwa, hata ikaingizwa katika kiini cha Linux toleo la 2.6.33 mwaka 2010. Hata hivyo, kuanzia mfululizo wa GeForce 900 wa mwaka 2014, kadi zilianza kudai programu ndogo ya ndani yenye saini ya kidijiti ya kampuni. Bila saini hiyo Nouveau hawakuweza kuipandisha kadi kutoka kasi ya chini inayowakia. Mwaka 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikuwa tayari ameielekezea NVIDIA, mbele ya hadhira ya Chuo Kikuu cha Aalto huko Finland, maneno na ishara visivyofaa kuchapwa katika kitabu cha kongamano. Ilipofika Mei 2022 kampuni hiyo ilitoa huria sehemu ya kiendeshi chake inayokaa ndani ya kiini, lakini kwa kadi za kizazi cha Turing, cha mwaka 2018, na za baadaye tu.

3.0 Bure na huria

Kiingereza hulemewa hapa na neno moja linalobeba maana mbili, na wanaharakati wa programu huria wametumia miaka mingi kueleza kwamba hawazungumzii bei. Kiswahili hakina tatizo hilo. Mradi wa Kilinux uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikuta neno "huria" likisubiri, likiwa limezoeleka katika "soko huria" na "chuo kikuu huria". Kitu cha bure hakilipiwi. Kitu huria hakina mwenye kukizuia. Naona ni bahati ambayo hatujaitumia ipasavyo katika nyaraka za sera, ambamo maneno haya mawili bado hubadilishana nafasi kiholela.

Swali la mwanafunzi wa Juba linajibika kwa maneno hayo mawili. Kiendeshi cha NVIDIA kilikuwa cha bure, na kampuni ilipoamua kadi imezeeka, hakuna aliyekuwa na uwezo wa kukiendeleza. Tawi la 340 liliachwa mwishoni mwa mwaka 2019, la 390 mwishoni mwa 2022, na la 470 mwaka 2024. Kadi hazikuharibika, ruhusa ndiyo iliyokwisha.

Chipu ya Intel ya mwaka 2011, inayojulikana kwa jina la HD 3000, ina historia tofauti kabisa. Kwenye Windows kiendeshi cha Intel kiliishia OpenGL 3.1. Kwenye Mesa chipu hiyo hiyo, bila kuongezewa waya hata mmoja, ilifikishwa OpenGL 3.3. Tofauti hiyo ya tarakimu si ndogo. Godot, programu huria ya kutengenezea michezo, ina katika toleo lake la 4 njia ya uchoraji iliyokusudiwa mashine dhaifu, na njia hiyo inadai OpenGL 3.3. Mashine ambayo mtengenezaji wake aliiacha chini ya kizingiti ilivushwa na watu wasioitengeneza.

Uhuria haumaanishi umilele. Mwezi Machi 2022 Mesa 22.0 iliondoa viendeshi vyake vikongwe na kuviweka katika tawi la pembeni liitwalo Amber. Chipu za Intel za miaka ile ziliponea kwa sababu mwaka mmoja kabla, Dave Airlie na wenzake walikuwa wameziandikia kiendeshi kipya, Crocus, wakati ambapo hazikuwa na faida ya kibiashara kwa yeyote. Kazi hiyo ingeweza kutofanyika. Ila haikuhitaji kibali cha mtu.

4.0 Michezo ya Juba na ya ughaibuni mwake

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtafiti wa lugha, au mshauri wa sera, ajishughulishe na michezo katika nchi yenye madhila ya Sudan Kusini. Jibu la kwanza ni Lual Mayen. Alizaliwa familia yake ikikimbia vita na akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Kwa simulizi yake mwenyewe, aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Mama yake akaweka akiba kwa miaka mitatu mpaka zikatimia dola 300 za kumnunulia kompyuta mpakato. Naye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Kwa mashine hiyo alijifunza kuandika programu na kubuni Salaam, mchezo ambamo mchezaji ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na usalama. Mwezi Desemba 2018 hafla ya The Game Awards ilimtunuku heshima kwa mchango wake. Kampuni yake aliiita Junub Games. *Junub* ni kusini kwa Kiarabu.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama habari ya kipaji na mapenzi ya mama, na ni kweli. Mimi nakisoma pia kama habari ya mashine moja. Miaka mitatu ya akiba ilitegemea kifaa kimoja kisichokuwa na mbadala, na kwa mnunuzi wa namna hiyo umri wa kiendeshi si suala la kiufundi.

Jibu la pili linahusu shughuli zilizokwisha kufanyika Juba kwenyewe. Tangu katikati ya miaka ya 2010, vijana wa jHUB kwa ushirikiano na shirika la r0g la Berlin wamefundisha programu huria na ukarabati wa vifaa kama sehemu ya kazi ya amani. Fundi wa Juba anajua jambo ambalo nyaraka za mtengenezaji hazilisemi: viendeshi vya Mesa huja ndani ya mfumo wenyewe, katika kijiti kile kile cha usakinishaji kinachopitishwa mkono kwa mkono. Intaneti inapolipiwa kwa kifurushi na umeme unapotoka kwenye jenereta au sola, kutohitaji kupakua ni sifa kubwa kuliko kasi.

5.0 Kizingiti kipya

Mwezi Agosti 2018 kampuni ya Valve ilitoa Proton, programu inayowezesha michezo ya Windows kuchezwa kwenye Linux, na Februari 2022 ikauza Steam Deck, kifaa cha mkononi chenye chipu ya AMD na viendeshi vya Mesa. Kwa mara ya kwanza kampuni kubwa ya michezo ilikuwa ikilipa mishahara ya watu wanaoboresha viendeshi huria. Faida yake imeenea kwa wote, lakini kizingiti nacho kimepanda. Proton 8.0 ya mwaka 2023 inadai Vulkan 1.3, kanuni mpya zilizopangwa kurithi nafasi ya OpenGL, na chipu za Intel za kizazi cha 4, za mwaka 2013, pamoja na zilizotangulia, hazikifikii kiwango hicho. Kompyuta zetu kuukuu za Juba zingali zinacheza SuperTuxKart na zingali zinaweza kutengeneza mchezo kwa Godot. Maktaba kubwa ya michezo ya kibiashara imefungwa kwao.

Kwa washauri wa sera, wakati wa kuangalia jambo hili ni sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11, kwa jumla, haipokei vichakataji vya Intel vilivyo chini ya kizazi cha 8. Kwa hiyo kompyuta za kizazi cha 6 na cha 7 zinaondolewa katika ofisi za Ulaya na Marekani, na uzoefu unaonyesha mzigo wa namna hiyo huelekea wapi. Chipu zake za picha za Intel zina Vulkan 1.3 kamili ndani ya Mesa, Proton ikiwamo. Lakini katika mzigo huo huo zimo mpakato zenye kadi za GeForce za mfululizo wa 900 na wa 10, ambazo NVIDIA ilitangaza mwaka 2025 kwamba tawi la 580 ndilo la mwisho litakalozihudumia, na nyingi kati yake Nouveau haiwezi kuzipandisha kasi. Sokoni Konyo Konyo mashine hizo mbili zinaweza kukaa juu ya meza moja, ile ya pili ikiitishwa bei kubwa zaidi. Zabuni za kompyuta za shule na vyuo nilizopata kuzisoma hutaja kumbukumbu, diski na ukubwa wa kioo. Mstari mmoja ungetosha kuongezwa: jina la chipu ya picha, na kama kiendeshi chake kimo katika kiini cha Linux na Mesa bila kupakuliwa kutoka kwa mtengenezaji.